Mastiki, Kutu na Haki ya Asiyeona

Swali la iwapo kitu kilichobadilishwa sehemu zake zote hubaki kuwa kile kile ni la kale. Mwandishi wa kale Plutarch alilieleza kwa merikebu ya shujaa Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, naye mwanafalsafa Thomas Hobbes, mwaka 1655, akauliza ingekuwaje lau mtu angezikusanya mbao kuukuu akaunda merikebu ya pili. Karakana ndogo ya kufufua magari mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, hukutana na swali hilo mwaka mzima, lakini hulikuta likiwa limegeuka kuwa suala la haki.

Mji huo umekaa juu ya vilima vya kusini mwa Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, na mvua zake, zinazoanza Septemba na kuendelea hadi Mei, hulisha kutu chini ya matope yaliyoganda kwenye bodi za magari. Dawa yake ni kupuliza mchanga, yaani kurusha chembe ngumu kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, mbinu ambayo Benjamin Tilghman aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1870. Chembe hizo huondoa rangi, kutu na mastiki, yaani ule ujiuji mzito unaozibia mashimo na kukauka kabla ya kupakwa rangi, hata chuma kitupu kionekane. Na majira ya mvua chuma hicho kisipopakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, huanza kushika wekundu upya.

Ugomvi huzuka hapo, kwa sababu mteja aliyeleta mlango laini huonyeshwa mlango wenye matundu na kudhani kwamba ameharibiwa mali yake. Dhana hiyo haikosi msingi, kwani kupuliza kwa pupa hupinda bati jembamba. Ndiyo maana fundi makini, kabla ya kuwasha kompresa, hupitisha sumaku juu ya mlango mbele ya mwenye gari, na pale isiponata wote wawili hujua kwamba chini ya rangi pana mastiki nene.

Kuhusu kasoro zilizofunikwa namna hiyo, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba mtu anayeuza farasi mwenye jicho moja halazimiki kuitangaza kasoro hiyo, maadamu inaonekana na bei imepunguzwa, ila kasoro iliyofichika na yenye kuleta hasara au hatari ni lazima itajwe. Fikihi ya Kiislamu nayo humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua aibu ambayo hakuijua. Hata hivyo, mafundisho hayo humtazama zaidi mnunuzi, ilhali mastiki iliyofunika ufa wa fremu humhusu pia abiria anayeteremka milima ya Ngomo kuelekea Uvira, ambaye amelipa nauli tu na hakuwapo wakati wa mapatano. Humhusu vilevile kijana anayeshika bomba la mchanga, kwa kuwa vumbi la silika, madini yaliyojaa katika mchanga wa kawaida, huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona.

Yaweza kupingwa kwamba ukweli wote ni anasa ya wenye fedha, kwa maana mwenye kipato kidogo humudu mastiki tu wala si bati jipya. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linahalalisha mastiki ya mlangoni, ambayo ikibanduka huleta hasara ndogo, bila kuhalalisha kimya juu ya fremu. Kwa hiyo vipuri vikuukuu vya gari moja vyaweza kuunda gari jingine, kama Hobbes alivyowazia, pasipo mtu kudhulumiwa, mradi kila anayekabidhi gari aseme ni nini kilichobadilishwa na ni nini kilichofunikwa. Na fundi asiyeweza kulisema hilo mbele ya abiria hana budi kukataa kazi hiyo.