Shilingi ya Shosho

Tuseme shosho wa Runyenjes anakuuzia shilingi mbili za Mfalme George, ya 1946 na ya 1948, zote kwa mia. Simba ni yule yule, lakini wewe unajua: robo ya ile ya 1946 ni madini ya fedha, ya 1948 ni shaba na nikeli tu. Unanyamaza, unalipa, unaenda kuuza Meru. Je, umemwibia?

Nilisomea biashara, kujua si dhambi. Mithali 20:14 yamtaja mnunuzi anayeponda bidhaa, kisha akienda zake anajisifu. Wewe hukuponda. Lakini je, ungejisifu mbele ya shosho? Faida usiyoweza kumweleza usoni si faida halali. Mwambie kwanza, halafu mpatane bei. Amina.