Nyumba ya Mtu na Kanuni za Mji

Katika mali zote anazojipatia mtu duniani, hapana iliyo yake zaidi kuliko nyumba. Humo hulala bila silaha, hula bila haya, huugua na kuuguzwa, na aghalabu humo hufa. Ndiyo maana wengi huona ajabu, na wengine huona uchungu, mji unapomwambia mwenye kiwanja: usijenge mpaka tuione ramani yako; usifukie msingi mpaka tuukague; dirisha hili ni dogo, ukuta huu ni mwembamba, choo hiki kiko karibu mno na kisima. Mwenye kiwanja huuliza, "Ardhi ni yangu, fedha ni zangu, na jasho ni langu. Mji una haki gani kuniamuru?"

Swali hili halifai kupuuzwa, nawe msomaji usilijibu kwa haraka. Mtu asiyeweza kueleza kwa nini sheria ni ya haki huitii kwa hofu tu, na utii wa hofu hukoma askari anapogeuka. Basi na tulitazame kwa utulivu.

Hesabu kwanza watu wanaohusika na ukuta mmoja wa nyumba mjini. Yupo mwenye nyumba. Yupo mpangaji, ambaye hakuwapo nyumba ilipojengwa. Yupo jirani, ambaye moto wa jikoni kwako hauombi ruhusa kuvuka kwake. Yupo mpita njia chini ya baraza lako. Yupo na mtoto wa mtu atakayeinunua nyumba hiyo miaka 30 baada ya leo. Katika watu hawa wote, mmoja tu ndiye aliyechagua fundi, akalipa saruji, akajua kilichofichwa. Waliobaki wanaweka roho zao juu ya kazi wasiyoiona.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini ndani ya nguzo hapana awezaye kuingia. Ukuta ukisha kupigwa lipu na kupakwa rangi, nondo hazionekani. Zege lililotiwa saruji haba lafanana na lililotiwa saruji ya kutosha. Hata wahandisi hawayaamini macho yao: hutwaa zege lile lile linalomiminwa, wakalitia katika vibao vya mraba, kisha wakavivunja vipande hivyo kwa mashine, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28, ili wajue nguvu yake. Ikiwa bingwa hukisia vibaya asipopima, seuze mpangaji anayekuja jioni na godoro lake? Mji, basi, unapokagua, hufanya kazi ya jicho kwa niaba ya wasioweza kuona. Haki yake ya kuamuru hutoka hapo, wala haitoki penginepo.

Tangu kale watu walilifahamu jambo hili, ila hawakulitatua kwa njia moja. Mfalme Hammurabi wa Babeli, yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, aliandika katika sheria zake kwamba nyumba ikianguka kwa udhaifu wa kazi na kumwua mwenyewe, mjenzi auawe. Na ikimwua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Sheria hiyo ni kali, lakini iangalie vema: huja baada ya mazishi. Tena humlipisha mtoto asiyeshika hata mwiko. Kanuni za miji ya leo hufuata fikira nyingine. Huuliza kabla ya msingi kufukiwa, wakati ambapo kosa ni la kurekebishwa kwa sururu na siku mbili za kazi. Sheria inayozuia msiba ni bora kuliko sheria inayoulipiza, ijapokuwa ile ya kwanza hupata shukrani kidogo. Maana msiba uliozuiwa hauonekani na mtu.

Hata hivyo, kanuni kuwapo ni jambo moja, na mji kuzikubali ni jambo jingine. Kwa kuwa kanuni zetu za ujenzi zilirithi mengi kutoka Uingereza, yafaa tutazame ya huko. Mapema katika karne ya 17, wafalme wa nchi ile walitangaza zaidi ya mara moja kwamba nyumba za London zijengwe kwa matofali au mawe. Watu walisikia, wakaendelea kujenga kwa mbao. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza katika duka la mwoka mikate, na katika siku chache uliteketeza nyumba zipatazo 13,200. Mwaka uliofuata, 1667, ilipitishwa sheria ya kuujenga mji upya: kuta ziwe za matofali au mawe, nyumba zigawanywe katika aina nne kwa kadiri ya njia zinazotazamana nazo, kila aina ipewe idadi ya ghorofa na unene wa kuta, na wapimaji wawekwe kusimamia. Maarifa yalikuwapo kabla ya moto; kilichokosekana kilikuwa utii. Ole wake mji unaongoja moto uwe mwalimu wake.

Sasa turudi kwetu. Katika 1968 serikali ya Kenya ilitoa amri mbili za kanuni za ujenzi. Moja ilikuwa ya majengo ya daraja la kwanza, na ya pili ilikuwa ya daraja la pili, iliyolegezwa kwa sehemu zilizotengwa kwa nyumba za gharama ndogo. Ziliitwa sheria ndogo za kukubaliwa, na jina hilo lina maana. Kanuni ziliandikwa pamoja kwa nchi nzima, lakini kila halmashauri ilizipokea kwa azimio lake yenyewe. Mpango huu ulikuwa na busara ndani yake: mji mdogo haukulazimika kutafuta wahandisi wa kuandika kitabu kizima, na wala haukufungwa kwa kamba usiyoishika kwa mkono wake.

Lakini kila kanuni ina umri. Hesabu ya watu ya 1969 ilikuta Nairobi ina watu 509,286. Ile ya 2019 ilikuta watu 4,397,073. Wengi wa walioongezeka hawakuwa na fedha za kujenga wala kupanga nyumba ambayo kanuni ziliitambua. Walijenga kwa mabati, mbao na udongo, mahali ambapo ofisa wa mji alipita akijifanya haoni. Hapo ndipo dhambi ya pili ya sheria huzaliwa. Dhambi ya kwanza ni kulegea hata ikaua; dhambi ya pili ni kupanda juu hata maskini asiifikie. Kanuni isiyofikika haimfanyi maskini ajenge vizuri. Humfanya ajenge kwa siri. Tena humpa ofisa mwovu bidhaa ya kuuza, nayo ni kufumba macho kwake. Na ubaya ulio mkubwa kuliko wote ni huu: mtu aliyezoea kuivunja kanuni isiyo na maana hupoteza uwezo wa kuitambua ile yenye maana. Huziweka zote katika kapu moja, akazitupa pamoja.

Kwa sababu hiyo, katika 1995 kanuni zile zilirekebishwa. Fikira kuu ya marekebisho ilikuwa kuacha kuuliza ukuta umejengwa kwa kitu gani, na badala yake kuuliza ukuta unaweza nini: je, wabeba mzigo wake, wazuia mvua, wamlinda alalaye? Kwa kipimo hicho, tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine lapata heshima ikiwa limefaulu mtihani. Fikira hiyo si ngeni katika pwani yetu. Nenda Lamu ukaone nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa chumba hufuata urefu ambao boriti yaweza kuuvuka bila kupinda, na kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Waashi wale hawakuwa na kitabu cha kanuni, lakini walikijua kipimo cha kifaa chao, na nyingi katika kazi zao zimesimama kwa karne na karne.

Usije ukadhani, msomaji, kwamba nasifu ulegevu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 45 wakafa. Lilikuwa kando ya mto, na wakuu walieleza kwamba lilikwisha kuwekwa katika orodha ya majengo ya kubomolewa. Baada ya saa zipatazo 80, mtoto mchanga alitolewa kifusini akiwa hai. Mtoto huyo hakuchagua kiwanja, hakuona ramani, hakupatana bei na fundi. Mwenye kiwanja anayeuliza "Mji una haki gani?" na alijibu kwanza swali la mtoto huyo: "Nawe ulikuwa na haki gani juu yangu?"

Tena jengo lile latufundisha kwamba alama ya rangi ukutani haimhamishi mtu. Mpangaji hukaa penye hatari kwa kuwa kodi ya penginepo haimudu. Mji unaosema "toka" bila kusema "nenda pale" umetamka nusu tu ya sheria.

Tufanyeje basi ili kanuni isiue kwa ulegevu wala kwa ukali? Dawa yake ni kuirekebisha kwa wakati, hadharani, na kwa utaratibu. Halmashauri za zamani zilikoma katika 2013, kaunti zikashika mahali pake. Na Katiba ya 2010 imeufanya ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi ya utawala. Kanuni mpya za taifa za ujenzi zilitolewa katika 2024, zikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2025, na kuondoa zile za 1968 baada ya zaidi ya nusu karne. Muda ule kati ya kutolewa na kuanza ulikuwa na faida yake: fundi hawezi kutii neno asilolisoma, na ramani iliyokwisha kuchorwa haigeuki kwa usiku mmoja.

Kila hatua katika utaratibu huo ina sababu. Mabingwa huandika rasimu, kwa kuwa uzito wa zege haupigiwi kura. Wananchi huisoma na kuijadili, kwa kuwa bingwa ajua nguvu ya nguzo lakini hajui mshahara wa mpangaji. Serikali huitangaza katika gazeti lake rasmi, kwa kuwa sheria ya siri ni mtego. Penye wengi haliharibiki neno, ikiwa wengi hao wamepewa nafasi ya kusema kabla neno halijakatwa.

Hapo huzuka swali gumu: nyumba iliyojengwa kwa uaminifu chini ya kanuni za zamani, je, ivunjwe kanuni zikibadilika? Maoni yangu ni kwamba tutofautishe. Kanuni inayohusu raha, kama vile ukubwa wa chumba, na isimsumbue aliyejenga kwa haki zamani. Kanuni inayohusu uhai, kama vile nguzo iliyopasuka au ngazi isiyo na njia ya kukimbilia moto, haina zamani wala sasa. Lakini mji na umpe mwenyewe muda na msaada wa kurekebisha, pale ambapo hatari yenyewe inaruhusu kungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao wahenga hawakusema ufa huo ni wa nani.

Msomaji, miaka si mingi nawe utakuwa mwenye kiwanja, au fundi, au ofisa mwenye muhuri, au mpangaji mwenye godoro begani. Ukikutana na kanuni ya ujenzi, iulize swali moja: wamlinda nani? Ikikuonyesha uhai wa mtu, itii hata kama hapana akuangaliaye, maana anayelindwa naye haoni. Isipokuonyesha mtu yeyote, usiivunje gizani. Nenda ukaseme mchana, katika mkutano wa watu, kwamba kanuni hii ibadilishwe. Avunjaye kwa siri hujiokoa peke yake kwa muda. Ashindaye kwa hoja hadharani humjengea pia jirani asiyemjua.