Ngoma ya Msiba kwa Hesabu ya Nane

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, huwafundisha wageni ngoma zetu kwa kozi fupi. Sina ugomvi na hilo. Mgeni analipa, mwalimu anakula. Ninachouliza ni kwamba akishazijua hatua zote, ameijua ngoma?

Chukua huku Kyela. Monica Wilson alikaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, akaandika kwamba mazikoni wanawake walilia na wanaume wakacheza, mikuki mikononi, ngoma zikipigwa. Aliyecheza alijua iko siku atachezewa yeye. Ukiihamishia ukumbini, moja mbili tatu hadi nane, miguu inabaki sawasawa ila marehemu hayupo.

Basi tuseme ngoma ni ya wenyewe tu? Hapo nagoma. Wakristo waliiacha ngoma ile ya mazikoni zamani, na leo mtoto wa Mbugani msibani anasikia kwaya. Akiitaka ngoma ya babu yake, naye pengine atahesabiwa hadi nane kama Mjerumani tu. Damu haimfundishi mtu hatua.

Mimi naangalia deni. Nyerere alilalamika mwaka 1962 kwamba tunajua rumba na chachacha kuliko gombe sugu. Tukazipandisha ngoma jukwaani, na jukwaa halidai kitu baada ya makofi. Mwalimu mzuri (na wapo) angeanza kwa kusimulia ngoma hii ilipigwa kwa ajili ya nani, kabla mtu hajagusa ngozi. Mwanafunzi atakayeona anapotezewa muda, arudishiwe hela yake.