Kadi ya Mzee Haikatwi Wodini

Machi 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wenye makao makuu hapa Dodoma, ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja katika Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 tu mtoto alikuwa akitibiwa mwaka mzima. Wazazi walilalamika, na uchungu wao ulikuwa wa kweli. Lakini sababu iliyotolewa inatugusa sote: wengi walikuwa wakimkatia mtoto kadi akiwa tayari mgonjwa, na gharama za matibabu zikaizidi michango kwa mbali.

Dalili tulikuwa nazo machoni. Nyumba ina watoto wanne, anakatiwa mmoja, yule mwenye tundu kwenye moyo. Walio wazima wanasubiri siku watakayougua. Huo si mchango wa bima, ni kumtwika jirani mzigo wako. Usajili ulirejeshwa baadaye, lakini aliyeugua kabla haujarejeshwa alijikuta mikono mitupu.

Nalisema hili kwa sababu kosa lilelile tunalirudia kwa wazazi wetu. Mzee analalamika ganzi miguuni, tunasema ni uzee. Zahanati wanampima presha na kumwambia arudi, harudi. Kizunguzungu kinamshika shambani, tunampa maji na kivuli. Siku kiharusi kinapomwangusha ndipo ukoo unakusanyika kuulizana: baba ana kadi ya bima? Hapo ng'ombe anapelekwa mnadani na kuuzwa kwa bei ya mwenye shida. Na hospitali ni mwanzo tu. Akirudi nyumbani hajiwezi, wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha mara nyingi ni binti mmoja aliyeacha biashara yake. Makazi ya wazee ya serikali, kama Sukamahela kule Manyoni, yamewekwa kwa wasio na ndugu wa kuwatunza. Mwenye watoto asitegemee mlango huo.

Nafuu ilipita mlangoni. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipoanza, kaya ya watu sita mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwandikishaji alikuja na simu kijijini, akapiga picha, kazi ikaisha hapohapo. Wengi tulisema, "Msimu ujao." Wengine walijiandikisha, kisha kadi ikaisha muda wake bila mtu kuitazama.

Ndugu zangu, tusingoje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, hapa hapa Dodoma. Kwa hiyo usitegemee kiwango cha zamani; nenda kwa mtendaji wa kijiji chako uulize mchango wa sasa ni kiasi gani, kadi inaanza kufanya kazi lini, na inafika hospitali ipi. Kadi inayoishia hospitali ya mkoa isikufanye uamini umemaliza. Lipeni alizeti au zabibu zinapouzwa, fedha ikiwa mkononi, na andikeni tarehe ya kuhuisha mahali pa kuonekana.

Kama mzee ametimiza miaka 60 na hana uwezo, sera inamruhusu atibiwe bila malipo. Lakini ni lazima atambuliwe kwanza na serikali ya kijiji na ustawi wa jamii. Utambulisho huo fuatilieni sasa, angali anatembea mwenyewe hadi ofisini. Na mkutane leo kama watoto, mkubaliane nani atatoa fedha na nani atakaa naye, ili mzigo wote usimwangukie mmoja.