Kustahimili na Kujua Kiasi: Mwanariadha Mbele ya Wanafunzi

Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mnamo Desemba 1962, utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Uamuzi ule ulikuwa na maana. Utamaduni usiorithishwa kwa vijana hufa pamoja na wazee, na vijana wasio na utamaduni hufuata kila upepo uvumao. Michezo ni sehemu ya urithi huo. Kwa hiyo swali tunalokusudia kulichunguza hapa ni la utamaduni na ni la maadili pia: mwanariadha anapoitwa shuleni kuzungumza na wanafunzi, anakuja kuwafundisha nini?

Jibu jepesi ni kwamba anakuja kuwafundisha ushindi. Jibu hilo halitoshi. Katika mbio za watu arobaini, mmoja hushinda na thelathini na tisa hushindwa. Ikiwa somo la mwanariadha ni ushindi tu, basi wengi wa wanaomsikiliza wameitwa kusikia habari isiyowahusu. Lakini kila mwanafunzi, awe mwepesi au mzito wa miguu, ana nguvu zenye mpaka, ana kazi iliyo ndefu kuliko siku moja, na siku moja atashindwa jambo alilolitaka sana. Mambo hayo matatu mwanariadha anayajua kwa mwili wake. Hayo ndiyo aje kuyafundisha.

Fikra hii si ngeni katika nchi ya Wasukuma. Vijana walilima mashamba kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na jembe halikutengana na ngoma. Katika bugobogobo mdundo huwapa wakulima mwendo mmoja: humvuta mvivu asibaki nyuma, na humzuia mwenye pupa asijimalize kabla jua halijapanda. Kadhalika makundi ya Bagika na Bagalu yameshindana kwa ngoma kwa vizazi kadhaa, na kundi lililokimbiwa na watazamaji msimu mmoja halikuvunja ngoma zake. Lilirudi likatunga nyimbo mpya. Kushindana, kushindwa na kurudi tena uwanjani ni elimu tuliyokuwa nayo kabla ya kuja viwanja vya riadha.

Tuanze na ustahimilivu. Mtanzania aliyeufanya ujulikane duniani ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka njiani akaumia goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza na 57 walimaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari, mguu ukiwa umefungwa bendeji, aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, wa mwisho katika waliomaliza. Maelezo aliyoyatoa yanajulikana na wengi: nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, bali azimalize.

Hapa mwalimu makini atauliza: je, somo hili halina hatari? Tukimwambia kijana kwamba sifa ni kuendelea hata goti likiwa limeteguka, hatumfundishi kuudharau mwili wake? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa makofi. Jibu limo katika kisa chenyewe. Akhwari hakuendelea kwa sababu maumivu ni jambo jema. Aliendelea kwa sababu alikuwa na ahadi kwa watu waliomtuma. Hakukataa kutibiwa, na safari aliyoivumilia ilikuwa na mwisho uliojulikana. Tena hakuishia pale: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Mtu aliyejiangamiza hawezi kurudi hivyo. Basi ustahimilivu wa kweli tuupime kwa maswali matatu: ni kwa ajili ya nani au ya nini, ni mpaka wapi, na baada yake mtu atabaki na nini? Mateso yasiyo na jibu la maswali hayo ni ukaidi, hata yakisifiwa.

Jambo la pili ni kiasi, na mwalimu wake mzuri ni Filbert Bayi. Desia yake ilikuwa kushika uongozi tangu hatua za kwanza na kuwaachia wengine kazi ya kumfukuza. Kwa mtindo huo, mjini Christchurch mwaka 1974, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya maili. Mwaka 1980 mjini Moscow alikimbia vivyo hivyo katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mbali, lakini katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita, naye Bayi akapata nishani ya fedha. Mtindo ni ule ule na ujasiri ni ule ule, ila matokeo ni mawili. Hatusemi kwamba alikosea, kwani bila ujasiri huo pengine hata fedha isingepatikana. Tunasema kwamba nguvu ni akiba, na kila atumiaye akiba sharti ajue imebaki kiasi gani.

Kati ya miaka hiyo miwili kuna mwaka 1976. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Dunia iliyokuwa ikingoja kumwona Bayi akikutana na John Walker wa New Zealand haikumwona. Kijana hapana budi ajue pia kwamba wakati mwingine mlango hufungwa na jambo kubwa kuliko yeye, na kwamba thamani ya maandalizi yake haifutiki kwa sababu hiyo. Baadaye Bayi alianzisha shule, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza huko Kibaha. Aliyezoea kukimbia mbele ya wengine alichagua kuandaa njia ya watakaokuja nyuma yake.

Sasa tuyalete mafunzo haya Lamadi, mji mdogo wa Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, mahali barabara ya Mwanza na Musoma inapokutana na ile iendayo Bariadi. Upande mmoja ni Ziwa Victoria, upande wa pili ni mbuga za Serengeti. Mwanafunzi wa hapa hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kiasi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa haivuti tena dagaa, basi mitumbwi hupumzika na nyavu hushonwa. Mkulima wa pamba naye, baada ya kuvuna, hung'oa masalia na kuyachoma ili wadudu wasipate pa kujificha mpaka msimu mwingine. Hakuna amwitaye mvuvi mvivu kwa kushona nyavu wakati wa mbalamwezi. Mbona basi mwanafunzi anayelala saa za kutosha kabla ya mtihani aonekane mzembe, na anayekesha mpaka macho yakavimba asifiwe? Mwanariadha anajua kwamba mwili hujijenga wakati wa mapumziko. Akili nayo hukaa ndani ya mwili huo huo.

Hata hivyo, kuna udhaifu mmoja ambao sisi watu wazima tunapaswa kuukiri. Ni rahisi sana kuhubiri ustahimilivu kwa mtoto ambaye hatujamtimizia haki yake. Msichana anayeamka alfajiri kuchota maji, akatembea mwendo mrefu kwenda shule na kukaa darasani mpaka alasiri bila kula, tayari ni mstahimilivu kuliko mgeni wake. Kumwambia avumilie zaidi ni kumtwika yeye mzigo wetu. Mwanariadha mkweli atalisema hilo waziwazi: hakuna aliyefika mbali bila chakula, bila mwalimu wa kumwangalia, na bila mtu wa kumfunga bendeji. Kwa hiyo anayemfundisha kijana kuvumilia anajifunga mwenyewe kumtunza. Anayetoa nasaha bila matunzo anaikimbia zamu yake.

Jambo la tatu ni kushindwa. Matokeo ya mitihani yatangazwapo, wako vijana wanaoamini kwamba maisha yao yamekwisha. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini methali huhitaji ushahidi, na ushahidi tunao. Alphonce Simbu alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, akapata shaba katika mashindano ya dunia mjini London mwaka 2017, kisha akawa wa 17 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Wapo wangesema amekwisha. Septemba 2025 mjini Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia, yeye na mshindi wa pili wakiandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakitenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde. Wala tusimwambie kijana kwamba kila avumiliaye atapata dhahabu, maana huo ni uongo. Tumwambie kwamba nafasi ya kumi na saba haikuwa jina la Simbu. Ilikuwa nafasi aliyoshika siku moja, katika mbio moja.

Michezo ya shule zetu za msingi imepewa jina linalotukumbusha uwiano huu. Katika UMITASHUMTA, neno michezo limewekwa sambamba na neno taaluma, wala moja halikufanywa mtumishi wa jingine. Basi walimu wanapomwalika mwanariadha, wasimwombe aonyeshe nishani tu. Wamwulize alilala saa ngapi, alikula nini, nani alimtibu, alifanya nini kesho yake baada ya kushindwa, na ni siku gani aliamua kupumzika ingawa wengine walikuwa wakikimbia. Wanafunzi nao wasiogope kumwuliza kama aliwahi kukata tamaa. Akijibu kwa ukweli, yule wa mwisho darasani atapata somo sawasawa na yule wa kwanza, na shule itakuwa imefanya kazi ambayo taifa liliikabidhi.