Mlango wa Sebule Una Mlinzi?



Hapa Kinondo wazee wa Kaya hawamwachi mgeni aingie msituni ovyo. Hufungwa kaniki, huongozwa, wala haruhusiwi kutoka na hata jani. Mwaka 2008 UNESCO iliuweka msitu huo, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika Urithi wa Dunia. Umedumu kwa kuwa una walinzi. Je, sebule yako inaye?

Televisheni ni mgeni asiyebisha hodi. Yenyewe si dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya 1963, ulikiri kwamba vyombo hivi vyaweza kumfaa sana mwanadamu. Lakini uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kuzuia yanayohatarisha imani na maadili yasiingie nyumbani. Naye Papa Yohane Paulo II, mwaka 1994, aliwaonya wazazi wanaoifanya televisheni yaya wa watoto.

Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka vipindi vya saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku viifae familia nzima. Ni vyema, lakini serikali haikai mkekani na wanao.

Shida kubwa mara nyingi huanzia kwetu wawili. Baba akataza tamthilia, kisha aenda zamu ya usiku hotelini Diani. Mama awasha ili apate kupika kwa utulivu. Mtoto hujifunza mambo mawili: yaliyomo kwenye tamthilia, na kwamba neno la baba na la mama si moja. La pili ndilo baya zaidi. Tena, akiona kwenye kioo mume na mke wakidanganyana na kupigana, huwageukia ninyi aone kama ndivyo ndoa ilivyo. Akiwakuta mmenuniana, ameshapata jibu.

Basi fanyeni hivi:

1. Kubalianeni chumbani, si mbele ya watoto, vipindi gani na saa ngapi.

2. Tazameni pamoja nao, mkiwauliza: “Huyu amefanya haki?”

3. Wakati wa chakula na wa sala, zimeni. Ongeeni, chekeni, ombaneni radhi wakisikia.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aone kwenu, kila jioni, ndoa iliyo bora kuliko ile ya kwenye kioo. Mungu azibariki nyumba zenu.