Mtoto mdogo na serikali zake mbili: dhima ni ya nani?

Katiba ya Kenya ya 2010 iliigawa elimu. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa sera, viwango, mitaala na mitihani, pamoja na shule za msingi, shule za upili na vyuo vikuu. Kaunti 47 zikapewa elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa mgawanyo huo, mwenye kutunga sera ni mmoja na mwenye kukaa na watoto ni mwingine. Mara nyingi jambo hili hujadiliwa kama suala la sheria na bajeti, lakini chini yake lipo swali la maadili: malezi ya mtoto yakiwa mikononi mwa wengi, nani ataulizwa mtoto huyo akiyakosa?

Uani mwa shule swali hilo huonekana kwa macho. Vituo vingi vya chekechea vya umma viko ndani ya ua wa shule za msingi. Mtoto wa miaka mitano aliye PP2, mwaka wa pili wa chekechea, hufundishwa na mwalimu wa kaunti, katika darasa la kaunti, kwa mtaala ulioandaliwa Nairobi na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Mwaka unaofuata anavuka uwanja na kuingia gredi ya kwanza. Sasa mwalimu wake ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na fedha za kumsomesha zinatoka hazina ya taifa. Lango ni lile lile, na aghalabu mwalimu mkuu ni yule yule, ingawa mwajiri wake si kaunti. Tangi la maji likipasuka au choo kikijaa, kila serikali inaweza kupata sababu halali ya kuisubiri nyingine. Mtoto hana habari kwamba amehama kutoka serikali moja kwenda nyingine.

Wanafalsafa wa Kigiriki walibishana juu ya jambo linalokaribiana na hili. Plato alipendekeza watoto wa tabaka la walinzi walelewe kwa pamoja, mzazi asimtambue mwanawe. Aristotle alimpinga katika kitabu chake cha Siasa: kitu cha wengi ndicho kinachotunzwa kidogo kuliko vyote, kwa kuwa kila mtu hudhani mwenzake anakishughulikia. Yeye alikuwa anazungumzia familia na mali, ila onyo lake linazifaa serikali pia.

Dawa inayokuja haraka akilini ni kumkabidhi mmoja kazi yote. Kenya iliwahi kuwa karibu na hali hiyo. Kabla ya ugatuzi, elimu ya awali ilisimamiwa na wizara ya elimu, na kuanzia 1984 kulikuwa na kituo cha kitaifa cha kuandaa mafunzo ya walimu na mitaala yake. Hata hivyo, madarasa mengi yalijengwa kwa harambee na walimu wengi walilipwa kwa michango ya wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Januari 2003, chekechea ilibaki nje ya mpango huo. Mwenye dhamana alikuwa mmoja, anajulikana kwa jina, na watoto wa miaka minne bado hawakufikiwa. Wanaotaka chekechea irudishwe Nairobi hawana budi kulijibu hilo.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki yana jibu jingine, kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931. Kwa mujibu wake, jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na kubwa. Nayo jumuiya kubwa inawajibika kuisaidia ndogo bila kuimeza. Kwa malezi ya watoto kanuni hii ina uzito. Afisa aliye Nairobi hawezi kujua ni mto gani unaowazuia watoto kufika darasani wakati wa masika, wala ni mwezi gani wafugaji wa Turkana watahama na watoto wao. Tatizo ni kwamba kanuni hii husomwa nusu. Kaunti hushika sehemu ya kutoingiliwa, wizara hushika sehemu ya usimamizi, na ile sehemu ya kusaidia haishikwi na yeyote.

Jibu linalogusa kiini cha swali linapatikana katika fiqhi ya Kiislamu, katika fundisho la fardhi ya kifaya. Mtu akifariki mtaani, wachache wakimwosha, wakamsalia na kumzika, wengine wote wameondokewa na wajibu. Asipozikwa, dhambi ni ya wote waliojua na wakaweza. Na akiwa mmoja tu ndiye mwenye uwezo, wajibu humwangukia yeye binafsi. Kazi inaweza kugawanywa, ila lawama haigawanyiki. Ni kweli kwamba fiqhi inawahutubia watu na wala haizisemeshi serikali. Lakini ofisi za serikali zina watu, na kila mmoja wao ana dhamiri.

Jedwali la Nne likisomwa kwa jicho hilo, linagawa kazi tu. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na hakimwulizi yuko upande gani wa uwanja. Kifungu cha 6 kinasema ngazi mbili za serikali ni tofauti na zinategemeana, na zihusiane kwa mashauriano na ushirikiano. Mashauriano ya kweli basi hufanyika kabla sera haijaandikwa. Kumwita gavana aje kusikiliza waraka uliokwisha kupigwa chapa ni kumtaarifu tu. Vilevile, anayeamua mwalimu wa chekechea awe na cheti gani anapaswa kuonyesha mshahara wa cheti hicho utatoka wapi. Mvutano kuhusu nani aajiri walimu hawa ulifikishwa hadi mahakamani, na miaka yote ya mvutano huo watoto walikuwa darasani.

Kwamba ushirikiano huo unawezekana, kliniki ni ushahidi. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto huandaliwa na wizara ya afya. Nesi anayekijaza ni wa kaunti, na chanjo anayoidunga imenunuliwa na serikali ya kitaifa. Mama aliyejifungulia Kilifi akihamia Nakuru hubeba kijitabu chake, na nesi wa huko husoma uzito, chanjo na hatua za ukuaji bila kuuliza kaunti ipi iliandika.

Mtoto hutoka kliniki na kuingia chekechea akiwa na miaka minne. Katikati kuna pengo. Mtaani, mama anayeuza mboga au kufua nguo humwacha mwanawe kwa mlezi wa malipo ya siku, katika chumba kimoja chenye watoto wengi, mara nyingi bila leseni wala mkaguzi. Vituo vya kulelea watoto vimetajwa katika Jedwali lile lile, pamoja na chekechea, kwa hiyo kaunti ina amri ya kuvishughulikia. Viwango vya usalama na mafunzo ya walezi ni kazi ambayo serikali ya kitaifa inaiweza. Zote mbili zinajua, na zote mbili zina uwezo.